Nakala Kivuli

Katika Kiswahili cha maofisini Tanzania, karatasi inayotolewa na mashine kwa kuiga nyingine huitwa nakala kivuli. Sikulitafakari jina hilo mpaka nilipokaa Guangzhou kwa utafiti, na kivuli cha pasipoti yangu kikatembea mjini kuliko mimi mwenyewe. Hoteli ilikitaka, maana sheria ya China inaagiza mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24. Muuza laini za simu alikitaka, na benki vilevile.

Huko Xiaobei, mtaa unaojulikana sana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika, nilifahamiana na mama mmoja wa Kariakoo. Asubuhi moja akaunti yake ya WeChat haikufunguka. Kwa mfanyabiashara wa huko, WeChat si ya gumzo tu; ni pochi, daftari la wateja na ofisi. Kabla ya adhuhuri wateja wake wa Dar es Salaam walikuwa wamepata ujumbe, wenye jina na picha yake, kwamba malipo ya mzigo yaende kwenye akaunti mpya. Waliotia shaka waliomba uthibitisho. Wakatumiwa pasipoti yake.

Sisi tuliozoea “ile pesa tuma kwenye namba hii” hudhani tunaujua utapeli. Ujumbe ule wa kwetu hubahatisha, haujui unamwandikia nani. Huu ulimwita kila mteja kwa jina lake na kuulizia mzigo wake.

Nilimshauri tuende polisi. Namba ya kuwaita ni 110, na ya utapeli ni 96110. Tena tangu tarehe 1 Desemba 2022 nchi hiyo ina sheria mahususi dhidi ya utapeli wa simu na mtandao.

“Mwalimu,” akanijibu, “viza yangu imekwisha.”

Polisi wanaopokea malalamiko ndio hao hao wanaokagua viza. Aliyepitiliza siku hutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000, au huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Sidhani kama mwizi hakulijua hilo.

Basi aliazima simu na kumpigia kila mteja, asikike kwa sauti yake. Waliotapeliwa walipiga picha za ujumbe wote kabla haujafutwa, wakafungua jalada Dar es Salaam, ambako Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mimi nikaanza desturi niliyoiona kwa Wachina wenyewe: kuandika juu ya kila nakala, maneno yakikatiza picha, ni ya nani, ya kazi gani, ya tarehe ipi. Niliporudi nyumbani nikabonyeza *106# kuhesabu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu.

Yule mama naye amerudi Kariakoo. Wateja wawili hawajapata fedha zao. Mmoja sasa hununua kwingine. Anasema hana ugomvi naye, ila ujumbe ulikuja kwa jina lake.