Kinywa cha Paka wa Lamu

Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wetu, tunawaletea wasomaji wetu habari ya safari fupi iliyotupa funzo ambalo hatukulitarajia.

Tulijaaliwa kwenda Lamu kumzuru shangazi yetu, aliyekwisha kuvuka miaka 80. Tulishuka garini Mokowe, tukapanda mashua, na mara mji ukatutokea: nyumba za mawe zimesongamana ufuoni, punda wanapita na mizigo, na nyuma yake Ngome iliyokamilika mwaka 1821. Karibu na Ngome hiyo kuna soko, na penye samaki Lamu hapakosi paka. Ni wembamba, warefu wa miguu na shingo, masikio yamesimama. Wageni huwafananisha na paka waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Hulala madakani, hukatiza vichochoroni, na hupita misikitini bila ya kufukuzwa.

Kutofukuzwa huko kuna asili yake katika dini. Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akitiliwa maji ya udhu, paka akaja; akamwinamishia chombo mpaka akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu.

Shangazi yetu ana paka mmoja mzee, wa rangi ya kijivu. Tulipokaa kula, tulimrushia kipande cha changu. Alikinusa, akakitia mdomoni, akainamisha kichwa upande, akakiangusha na kulia. Tukacheka, tukasema, "Shangazi, paka wako ameringa. Samaki wa Lamu wamemkinai."

Akajibu kwa upole, "Hakuringa, mwanangu. Ana njaa, lakini kinywa chamuuma. Hebu mtazame."

Akampakata, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole. Fizi zilikuwa nyekundu kama ngeu, magego yamevikwa ugaga wa rangi ya kahawia, na harufu ilitufanya tugeuze uso. Hapo kicheko kilituisha, kwani tulikumbuka jambo la nyumbani kwetu Mombasa.

Miaka miwili nyuma tulikuwa na paka aliyekuwa akifanya hivyo hivyo. Watoto walituambia hali chakula chake, manyoya yamechakaa, na udenda unamtoka. Tuliwajibu kuwa amezoea kudekezwa; akishikwa na njaa atakula. Hakula. Alikonda mbele ya sahani iliyojaa mpaka akafa. Sisi tuliosimama mara nyingi juu ya mimbari tukisimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula, hatukutambua kuwa paka wetu naye amefungiwa, ila mlango uliofungwa ulikuwa ni wa kinywa chake.

Asubuhi yake tulimtia paka wa shangazi kikapuni, tukampeleka kwa daktari wa wanyama. Tulimuuliza mengi, naye hakutuchoka. Alitueleza kuwa paka mzima ana meno 30, na mtoto wa paka ana meno 26 ya utoto ambayo hung'oka na kubadilishwa kabla ya kutimiza takriban miezi 6. Kila baada ya kula, ukoga laini hujijenga juu ya jino. Usipoondolewa, kwa siku chache tu huanza kuwa mgumu na kugeuka ugaga, na ugaga hauondoki kwa kusugua. Chini yake vijidudu huila fizi, fizi huachana na jino, na jino hulegea au kufanya usaha. Paka ni mnyama mwenye kuficha maumivu. Akianza kuangusha chakula, kutafuna upande mmoja, kutoa udenda au kuacha kujilamba, maradhi yameshapiga hatua.

Paka yule alilazwa kwa dawa ya usingizi, akasafishwa ugaga, na akang'olewa magego mawili yaliyooza.

Kinga yake ni nyepesi. Mzoeshe paka angali mdogo. Siku za mwanzo mguse mashavu tu. Kisha umwinue mdomo. Kisha umsugue meno kwa kitambaa laini kilicholowa maji, ukikizungusha kidoleni. Upande wa nje wa meno watosha, na nusu dakika kila siku ni bora kuliko kumshika kwa nguvu mara moja kwa mwezi. Lakini fizi zikiwa tayari zinatoka damu au zinamuuma, usimsugue. Mpeleke kwanza kwa daktari.

Yako pia mambo ya kujihadhari nayo. Dawa ya meno ya binadamu haimfai paka, kwani yeye hawezi kutema, huimeza yote. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi watu wa pwani huyapaka jino likituuma, ni sumu kwake. Panadoli humuua, hata kidonge kimoja. Na mifupa iliyopikwa, ya kuku au ya samaki, huvunjika ncha kali zikamchoma fizi na koo.

Ewe msomaji, sisi ni umma uliohimizwa mswaki. Tunasugua vinywa vyetu kabla ya swala kwa kufuata sunna. Haitupunguzii kitu kukumbuka kinywa cha kiumbe asiyeweza kushika mswaki wala kusema pamuumapo, ilhali tumefundishwa kwamba kumtendea wema kila chenye uhai kuna ujira.

Wiki moja baada ya kurudi, shangazi alitupigia simu. "Mwanangu," alisema, "leo amekula changu mzima, na sasa anataka na wangu." Tulimhimidi Mola. Jioni ile tuliwaita watoto wetu, tukawataka radhi kwa siku ile tulipowanyamazisha.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaghafilika, na atujaalie huruma kwa wanaotutegemea. Amin.