Ksh1,500 iliyogeuka shilingi moja

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wale mnaonidai makala ya Linux mnivumilie kidogo.

Kwenye ploti yetu hapa Tassia, nyumba iliyo chini ya yangu, kuna mtoto wa miaka 6. Kila asubuhi alikuwa akilalamika kichwa na kutapika, halafu mchana anacheza kama kawaida. Akapewa dawa za minyoo, kisha za malaria. Alipoanza kuyumba kwenye ngazi ndipo akapigwa picha ya MRI. Uvimbe, nyuma ya ubongo, pale panapoongoza mwili usiyumbe. Ulikuwa umeziba njia ya maji ya ubongo, na mtu akilala shinikizo huzidi, ndiyo maana ya maumivu ya asubuhi. (Mzazi ukiona hivyo, usingoje.)

Harambee ikaanza, pesa zikaingia M-Pesa ya mama yake. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu: "Tumefika ngapi?" Mama analala hospitalini kwenye kiti, atajibu saa ngapi? Nikamwambia anitumie zile meseji. Nikaandika programu ya Python, mistari 40 hivi, inayochukua namba ya muamala, jina na kiasi, kisha inatoa jedwali. Nikalituma kwenye kundi nikijiona fundi kweli.

Jumla ilikuwa ndogo ajabu. Shangazi mmoja akaandika: pesa zetu zimeenda wapi? Mama hakumjibu. Alinipigia usiku, akauliza polepole, "Ndugu yangu, hata wewe unaona nimekula pesa za mtoto?"

Kosa lilikuwa koma. M-Pesa huandika Ksh1,500.00, na programu yangu ilisoma tarakimu mpaka kwenye koma ikasimama. Elfu moja mia tano ikawa shilingi moja! Mia tano ilisomwa sawasawa, na mimi nilikuwa nimeijaribu kwa michango midogo tu. Digrii ya kompyuta hiyo.

Nikarekebisha, nikalinganisha kila mstari na meseji yake mpaka saa tisa usiku, nikaandika kwenye kundi kwamba kosa ni langu. Shangazi alituma elfu mbili bila neno.

Upasuaji umefanyika. Sasa ni mionzi, siku 5 kwa wiki, wiki 6, na mtoto hawezi kubanwa kwenye matatu. Nimeongeza safu ya teksi kwenye jedwali. Jumatatu zamu ya kuwasindikiza ni yangu.