Kijalizo au Chagizo? Tafakuri Juu ya Umeme wa Pili wa Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu methali hii humsuta mtu asiyehisi uzito wa taabu za wengine. Nimeiona ikisadifu pia ndani ya kasha la tarakilishi, mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni.

Mpwa wangu hujikimu hapo Wote kwa kuchora ramani za nyumba na kuhariri video za harusi. Tarakilishi yake, kama zilivyo nyingi katika miji yetu, ilitumika kwanza katika ofisi za Uingereza kabla ya kuuzwa huku kwa bei nafuu. Mashine za aina hiyo ni imara, ila kigavi chake, yaani kisanduku kinachopokea stima ya ukutani ya volti 240 na kuigeuza kuwa volti chache zinazohitajika ndani, kiliundwa kwa kazi za barua na hesabu. Uwezo wake ni wati 240 tu. Alipotia kadi ya michoro ya RTX 3060, inayohitaji takriban wati 170, mashine ikawa inazimika ghafla kila alipoanza kutoa picha kamili za nyumba. Kazi ya usiku kucha ikapotea, na mteja hakungoja.

Fundi mmoja alimshauri kwa maneno machache: "Ongeza punda wa pili." Aliyekulia Makueni haelezwi zaidi. Punda aliyezoea kubeba mitungi minne ya maji, kila mmoja lita 20, ukimtwika ya ziada atalala njiani.

Kigavi cha pili si uzushi wa mafundi wetu. Kadi ya michoro huchota umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la bodi mama, lisilotoa zaidi ya wati 75. Ya pili ni nyaya zitokazo kigavini moja kwa moja: kiunganishi cha pini 6 huongeza wati 75, na cha pini 8 wati 150. Mwaka wa 2006 kadi ya GeForce 8800 GTX ilikuja na viunganishi viwili vya pini 6. Miaka hiyo kampuni kama Thermaltake na FSP ziliuza vigavi vidogo vya kupachikwa mahali pa kiendeshi cha CD, kwa ajili ya kadi pekee. Kufikia 2022, RTX 4090 peke yake ilihitaji wati 450. Mwenye mashine mpya hununua kigavi kimoja kikubwa, basi. Kwa mpwa wangu njia hiyo ilikuwa imefungwa, maadamu kigavi cha mashine yake kina umbo na viunganishi vya mtengenezaji wake; cha kawaida hakiingii.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Kifaa hiki tukiiteje? Mradi wa Jambo OpenOffice, uliozinduliwa mwaka wa 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitupa maneno ya kusoma kwenye skrini. Vyuma vya ndani ya kasha bado vinatudai majina. Wapo watakaopendekeza "kigavi cha ziada". Lakini ziada ni kitu unachoweza kukiacha.

Sarufi inatufaa zaidi. Katika sentensi "Punda alibeba maji jana", neno "jana" ni chagizo; liondoe, na sentensi itasimama. Katika "Wote ni mji", neno "mji" ni kijalizo. Liondoe, na umebaki na kauli isiyo na maana. Kwa kadi ndogo isiyozidi wati 75, kigavi cha pili ni chagizo. Kwa kadi ya mpwa wangu ni kijalizo, nami napendekeza tukiite kijalizo-umeme.

Faida ya jina hili si umbuji. Punda wawili wanaweza kutembea kila mmoja kwa wakati wake, na wapo watu wanaokiwasha kigavi cha pili kwa kipande cha waya na kukiacha kikiwaka daima. Kadi hupata umeme ilhali bodi mama imelala, na huweza kuharibika. Kijalizo, kinyume chake, hakina maisha nje ya sentensi yake. Lazima kiwake na kuzimika pamoja na kigavi kikuu, kwa kifaa kidogo kinachopokea ishara ya kile cha kwanza. Vyote viwili vichomekwe kwenye chanzo kimoja. Kimoja kikiwa kwenye betri ya akiba na kingine ukutani, stima ikikatika kadi hufa kazini. Isitoshe, tundu bado hulishwa na kigavi kikuu. Hesabu basi: kichakataji wati 65, tundu 75, diski na feni kama 30. Jumla ni 170, na 240 zinatosha.

Mashine ya mpwa wangu sasa hukesha bila kuzimika. Nawasihi wanachama wenzangu na wahadhiri wetu: kabla ya kuunda istilahi nyingine mezani, tuombe kwanza fundi atufungulie kasha.