Gari dogo likivutwa kwenye vilima vya Kapalamsenga

Likizo ya Desemba huangukia kwenye mvua, na ndipo watu wa Mpanda huwapakia watoto kwenye gari dogo kwenda kusalimia bibi na babu kando ya Ziwa Tanganyika. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kama mita 770. Katikati ni vilima, kona na tope. Upande wa Kapalamsenga, kwenye machimbo ya shaba, gari la kutegemea ni lori la dizeli. IST ikizima huko, mkombozi ni Fuso.

Dereva atatoa kamba. Kupanda, kamba inafaa. Kazi ipo kwenye kushuka: kamba hulegea, gari la nyuma hulikimbilia la mbele, na wa kufunga breki ni wewe uliye nyuma, injini ikiwa imezimwa. Busta ya breki haifanyi kazi bila injini. Ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani mzito. Ukichomoa ufunguo, usukani unajifunga kabisa. Mlimani tafuta chuma cha kuvutia, chenyewe hakilegei.

Tena IST na Vitz nyingi ni otomatiki, zinaendeshwa na matairi ya mbele. Ukiivuta mbali matairi yote yakiwa chini, mafuta ya gia hayazunguki na giaboksi inaungua. Madereva wa malori wana njia yao, nami naipenda: lori linarudi nyuma hadi kwenye tuta la udongo lililo sawa na bodi, gari linasukumwa juu, linafungwa kamba, matairi yanawekewa mawe. Vijana wa kijijini watataka chochote. Wape, giaboksi ni ghali zaidi.

Watoto watang'ang'ania kubaki ndani ya gari lao, maana kwao huo ni mchezo. Washushe. Wasikae kwenye gari linalovutwa wala juu ya bodi ya lori. Wakae kwenye kabini, na ikijaa, wasubiri kijijini na mama yao hadi upatikane usafiri mwingine. Wasisimame karibu na kamba iliyokazwa, kwani ikikatika huchapa vibaya.

Halafu mwambie dereva: "Kaka, weka gia ndogo kabla hatujaanza kushuka. Ukisikia honi, simama." Na bei mkubaliane kabla kamba haijafungwa.