Ufunguo wa Bunge Akae Nao Nani?

Katika mapendekezo ya kubadili katiba ya serikali yetu ya wanafunzi kuna kifungu kinachompa Spika uwezo wa kuitisha Bunge bila kumsubiri Rais. Hapa bwenini karibu kila mtu anakishangilia. Mimi nimekuwa mzito kidogo, na sababu yangu iko mbali: Kentucky, Marekani.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Louisville, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mwaka 2022 alinitumia picha ya karatasi ya kura. "Mdogo wangu, si unasoma siasa wewe? Niambie hawa wanataka nini." Swali lenyewe refu balaa, vifungu vizima vya katiba vimemwagwa pale.

Nikamweleza. Bunge la jimbo lile hukaa siku 60 mwaka mmoja na siku 30 mwaka unaofuata, na katiba inataja hadi tarehe ya kufunga: Aprili 15 au Machi 30. Wakishafunga, wa kuwarudisha ni gavana peke yake. Mwaka 2020 hilo liliwauma. Corona imekolea, Gavana Andy Beshear, Mdemokrati, anatoa amri za dharura, na wabunge, wengi wao Warepublican, wako makwao wakisubiri Januari. Ndipo wakaja na pendekezo kwamba Spika na Rais wa Seneti kwa pamoja waweze kuitisha kikao cha hadi siku 12 zaidi.

Mpaka hapo nilikuwa upande wao. Kumkabidhi mtu ufunguo wa Bunge linalopaswa kumchunguza yeye mwenyewe ni kichekesho. Ila kwenye kapu hilohilo walitia na jambo la pili: kuziondoa zile tarehe za kufunga. Uzito wake aliuona dada, si mimi msomi. "Siku zikitawanywa mwaka mzima, mtu wa zamu kama mimi atagombeaje? Bosi gani atamvumilia?"

Wapiga kura wakalikataa. Siku hiyohiyo Idaho walipitisha la kwao: Bunge linaitwa asilimia 60 ya wabunge wa kila baraza wakiomba kwa maandishi. Yaani ufunguo uko kwa wengi, siyo kwa wakubwa wawili.

Kifungu chetu kinasema Spika, basi. Hakuna saini za wabunge, hakuna ukomo wa siku. Nimemwandikia mwakilishi wa kitivo chetu kwamba nitapiga Hapana mpaka saini ziwemo. Kasoma ujumbe, hajajibu.