Wale Wasiofunga Mabao



Leo nataka kuongea na wewe uliyerudi nyumbani jana kutoka ibadani ukiwa umenyamaza. Wenzako walishuhudia, kwaya ikaimba, watu wakapigiwa makofi. Wewe ulipanga viti, ukafagia, ukafunga mlango. Njiani sauti ikakuuliza: "Hata nikikosekana, nani atajua?"

Kaa nami kidogo.

Desemba 1987 nilikuwa mtoto wa miaka minane pale Kaloleni. Baba aliweka redio dirishani ili majirani nao wasikie. Gor Mahia walikuwa Kasarani wakicheza na Espérance ya Tunisia, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lile lililoitwa Kombe la Mandela. Kule Tunis walikuwa wametoka sare 2-2. Nairobi ikawa 1-1. Jumla ni 3-3, na Gor wakabeba kombe kwa sababu ya mabao mawili ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la Afrika.

Sisi watoto tulijua jina moja: Peter Dawo. Kila aliyepiga mpira wa makaratasi alikuwa Dawo. Hakuna aliyetaka kuwa beki. Lakini nahodha wa timu ile alikuwa beki, Austin Oduor, yule waliyemwita Makamu.

Sasa piga hesabu. Kwa ile sare ya 1-1, Espérance walihitaji bao moja tu zaidi na kombe liende Tunis. Dakika zile za mwisho kombe lilishikiliwa na watu ambao kazi yao ni kuzuia bao lisiingie. Na bao lisiloingia haliandikwi popote.

Mpendwa, mimi nililijua hilo tangu utotoni, na bado nikakosea.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka kwenye semina nikiwa na moto wa hesabu. Nikachora jedwali. Kila kiongozi wa ushirika wa nyumbani aseme ameleta watu wangapi kwa Bwana. Kulikuwa na ndugu mmoja, fundi viatu (amenipa ruhusa nisimulie, jina silitaji). Miaka miwili, sufuri. Nikamwondoa mbele ya wenzake, nikaweka kijana mwenye sauti ya kuhubiri. Ndugu yule alinirudishia daftari la ushirika akasema tu, "Sawa, Pasta."

Kijana akaleta watu tisa kwa miezi mitatu. Nikafurahi. Sikuona kwamba wale wa zamani walikuwa wanapungua mmoja mmoja. Siku moja nikamuuliza mama mmoja kwa nini haji tena. Akaniambia: "Pasta, mtoto wangu alipolazwa, ni fundi aliyekuwa anakuja jioni na uji. Nilipogombana na mzee wangu, ni yeye aliyekaa katikati yetu mpaka saa sita usiku. Hakuleta mtu, sawa. Lakini hakuna aliyetoka mikononi mwake."

Jedwali langu lilikuwa na safu ya walioingia. Halikuwa na safu ya wale ambao hawakuondoka.

Vijana wetu wa mpira wanamjua Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa. Misimu mitatu Real Madrid hakufunga hata bao moja la ligi. Katika misimu hiyo walitwaa ligi ya Uhispania mara mbili, na Ligi ya Mabingwa mwaka 2002. Mwaka 2003 wakamwuza kwa Chelsea. Chelsea wakawa mabingwa wa Uingereza 2005 na 2006. Madrid hawakushika tena ligi yao mpaka 2007. Sisemi ni yeye peke yake. Nasema nawaelewa waliomwuza, maana nilifanya vivyo hivyo.

Nilimfuata ndugu yangu kwenye kibanda chake Makadara. Nikakaa kwenye kigoda, nikaomba msamaha. Aliendelea kushona kwa muda, kisha akasema, "Pasta, hata hicho kiatu chako kimeachia soli. Kivue." Alirudi kwenye ushirika. Lakini familia mbili hazikurudi, na hilo nitalijibu mbele za Bwana.

Soma 1 Samweli 30:21-25. Watu mia mbili walichoka wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda mizigo, mia nne wakaenda vitani na Daudi. Waliporudi na nyara, baadhi ya wapiganaji walisema wale wa mizigo wasigawiwe. Daudi akakataa. Fungu likawa moja, na likawekwa kuwa sheria katika Israeli. Kwa muda mrefu nilipohubiri habari hiyo nilijiona Daudi. Kumbe nilikuwa miongoni mwa wale waliolalamika.

Lakini usiugeuze ujumbe huu kuwa mto wa kulalia. Beki asiyefunga na pia hakabi, kocha atamtoa. Wale wa Besori walichoka, lakini mizigo waliilinda. Kama wewe huhubiri, basi linda. Kama huimbi, tembelea mgonjwa. Fanya kile ambacho mkono wako umepewa, na ukifanye vizuri.

Na wewe kiongozi mwenzangu, kabla hujamwondoa mtu kwa sababu ya sufuri yake, uliza kwanza ni nini hakijaingia kwa sababu yeye amesimama mlangoni.

Leo mpigie mtu mmoja wa namna hiyo. Mwambie umeona kazi yake. Usingoje kuyasema matangani.

Nani amekujia moyoni? Mwombee sasa hivi, kisha chukua simu.

Mungu akubariki. Tuonane Jumatano kwenye maombi.

Mchungaji wako.