Kutoka Mjimwema hadi Ngome Kongwe

Binti alitaka Jinja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yalitoka Januari, na nafasi za kidato cha tano zilikuwa bado mbali. Kichwani mwake hakukuwa na jambo jingine ila Nyege Nyege, tamasha la Jinja, Uganda, lililoanza 2015, ambako watu hulala kwenye mahema karibu na Mto Nile na ngoma hulia mpaka kunakucha. Hoja alikuwa nayo. Singeli, muziki aliokua nao mitaani, ulifika mbali kwa mikono ya watu wa tamasha hilohilo: mwaka 2017 lebo yao ilitoa albamu ya kazi za Sisso Studios ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa Dar es Salaam wakaanza kualikwa kupiga Ulaya.

“Mama, ule ni muziki wetu,” alisema. “Iweje wageni wakauone, sisi tubaki kuusikia kwenye simu?”

Mama yake, ambaye ni dada yangu, hakukataa. Alimwambia Jinja itafika zamu yake akitimiza miaka 18, na akishamwonyesha kwamba anajua kulala nje ya nyumba ya wazazi. Mwaka huu wangeanzia Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara, na mimi niliombwa kuongozana nao. Nilikubali upesi, kwa sababu nilitaka kuona mzazi wa Kigamboni anavyomwandaa mwanawe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulipata ujanani.

Hakulipata hata ukubwani. Mwaka 2016 dada alikuwa ameshaweka akiba ya nauli na malazi, lakini Sauti za Busara ya mwaka huo haikufanyika. Tamasha hilo, lililoanza 2004 na ambalo kwa kawaida huangukia Februari, lilikosa wafadhili wa kutosha. Mwaka uliofuata lilirudi, lakini akiba ilikuwa imeshaingia kwenye ada za shule.

Sauti za Busara si tamasha la mahema. Wageni hulala gesti, hotelini au kwa ndugu, na usiku hukusanyika ndani ya kuta za Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Hata hivyo dada alishikilia kwamba binti alale hemani kwanza, na tena alale hapa nyumbani, ufukwe wa Mjimwema, ambako baadhi ya hoteli huwakodishia wasafiri uwanja wa kupiga hema. Hema la watu wawili waliliazima kwa jirani aliyewahi kuwa skauti. Sharti lilikuwa moja: kila kitu akifanye binti, wakubwa wakae pembeni.

Alichagua mahali pazuri kwa macho, mchanga laini na tambarare, hatua chache kutoka majini. Mama yake alinyamaza. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo, alikuja taratibu na kumwonyesha mstari wa mwani mkavu uliolala juu yao, karibu na minazi.

“Mwanangu, mwani ule umeletwa na nani?”

“Na maji, shikamoo.”

“Marahaba. Basi usiku huu ni bamvua, na maji yatarudi palepale.”

Hema likahamishwa. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma kwa nguvu, na kila kigingi alichokipigilia kiling'oka baada ya muda mfupi kama kimechomekwa kwenye unga. Mzee yule akamfundisha njia nyingine: akajaza mchanga kwenye kipande cha kiroba, akafunga kamba ya hema shingoni mwa kiroba, akachimba shimo la kina cha goti na kukifukia. Binti akavifukia vingine mwenyewe, akageuza mlango wa hema uupe mgongo upepo, kisha akalivuta hema kwa nguvu kuona kama litashika. Lilishika. Nilimwona akifurahi kuliko nilivyomwona siku ya matokeo.

Usiku ule alijifunza mengine bila kuambiwa na mtu. Kwamba zipu ya chandarua isipofungwa hadi mwisho, mbu mmoja anatosha kuwanyima usingizi watu wawili. Kwamba choo cha mbali kinahitaji tochi na kandambili zinazokaa mahali pamoja. Kwamba simu ikibaki inacheza muziki mpaka saa sita, asubuhi haina kitu. Suala la mbu dada alilitilia mkazo zaidi, na alikuwa sahihi. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoeneza dengue huuma mchana, wakati watu wengi wameshasahau dawa ya kupaka. Chandarua cha usiku hakimkingi mtu dhidi ya mbu wa saa kumi jioni.

Maandalizi ya begi yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia. Doti moja ya kanga, iliyochanwa katikati ili kila mmoja wao awe na kipande chake: shuka usiku, taulo asubuhi, pazia la kubadilishia nguo, na heshima ya kujitanda wanapopita vichochoro vya Mji Mkongwe ambako watu wanaishi, wanaswali na wanalea watoto. Viatu vya kufunika vidole. Pakiti za ORS, taulo za kike, pawabenki. Kitambulisho cha shule na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na kwenye kipande cha karatasi kilicholaminishwa, namba za simu zilizoandikwa kwa mkono, kwa kuwa simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mama yake siku hizi. Chini kabisa dada aliandika 116, namba ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure Bara na Zanzibar.

Sehemu iliyochukua siku nyingi zaidi ilikuwa ya masikio na ya msongamano.

Ya masikio ina hesabu zake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Ikifika 100, kama dakika 20 tu. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wasikilizaji wapatiwe viziba masikio, na kuwe na mahali tulivu pa kupumzikia. Watoto wetu wanaokulia kando ya spika za vigodoro hawajawahi kuambiwa hayo. Dada alinunua viziba masikio vya povu dukani na kumfundisha binti kuvivaa: unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unakiingiza, unakishikilia mpaka kitanuke. Pamba haifanyi kazi hiyo.

Ya msongamano dada hakuisoma popote. Machi 21, 2021, alikuwa Temeke, miongoni mwa maelfu waliokwenda Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli. Polisi walitangaza baadaye kwamba watu 45 walifariki kwenye mkanyagano wa siku ile. Yeye alitoka salama kwa sababu alikuwa bado nje, lakini hajasahau jinsi miguu yake ilivyoacha kuchagua inakokwenda. Kwa hiyo alimwambia binti wazi kwamba watu katika mikasa ya aina hii mara nyingi hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa nafasi ya kifua kutanuka. Ilikuwa hivyo Houston, Marekani, Novemba 2021 kwenye tamasha la Astroworld, lililoua watu 10, wadogo zaidi wakiwa watoto wa miaka 9, 14 na 16. Wataalamu wa mikusanyiko husema hatari huanza wanapozidi watu 5 hivi katika kila mita moja ya mraba.

Basi walifanya mazoezi sebuleni. Mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mapafu yapate nafasi. Usipambane na wimbi la watu. Nenda nalo, kisha jitoe kwa mshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka, kiache. Na kabla ya kucheza hata wimbo mmoja, jua milango yote ya kutokea. Nilikuwepo mazoezini, na nakiri nilidhani dada anamtisha mtoto. Binti hakutishika. Aliuliza maswali mazuri, likiwemo la nini afanye akimwona mwenzake ameanguka.

Asubuhi ya safari walivuka kwa pantoni, wakaliacha soko la samaki la Feri na kelele zake, wakafuata Barabara ya Kivukoni kwa miguu mpaka mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, zilipo boti za Zanzibar. Binti alikuwa mbele na tiketi zetu zote. Boti ilipotoka bandarini, Kigamboni ilikuwa upande wa kulia, na pantoni waliyovukia ilionekana ndogo sana pale chini.

Dada hakufurahia bahari. Julai 2012 MV Skagit ilizama katika njia hiihii, karibu na Chumbe, na kila mtu wa pwani wa umri wake anajua alikuwa wapi habari zilipofika. Ndiyo maana jambo la kwanza alilomwagiza binti ni kutafuta maboya yalipo na kusoma namna yanavyovaliwa. Baada ya hapo walikaa chini, katikati ya boti, mahali ambapo mawimbi hayarushi sana, wakitafuna tangawizi. Februari upepo wa kaskazi unakutana na boti uso kwa uso, na waliokaa juu mbele walilevywa vibaya. Sisi tulifika bandari ya Malindi, Unguja, tukiwa wazima baada ya saa mbili hivi.

Mahali pa kukutana palichaguliwa kabla ya jua kuzama: chini ya ule mti mkubwa wa Mizingani, kwa sababu hauhami na kila mtu anaujua. Walipita mbele ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, wakaingia Ngome Kongwe mapema, kukiwa bado na mwanga, na binti akazunguka ukuta mzima akihesabu milango.

Kuna maandalizi mengine ambayo sijayataja, na kwangu ndiyo yaliyozaa matunda zaidi. Wiki kadhaa kabla, wakati wa kupika, dada alikuwa akimsikilizisha binti taarab. Alimweleza kuhusu Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kuhusu Culture Musical Club iliyoanza 1958, na kuhusu Bi Kidude, aliyepanda jukwaa la tamasha hili akiwa bibi kizee na akafariki Aprili 2013. Binti alivumilia tu, akisubiri singeli. Lakini Sauti za Busara inashikilia muziki upigwe papo hapo, kwa vyombo na kwa koo, na kikundi cha taarab kilipoanza na kanuni ikatangulia peke yake kabla ya fidla kujibu, alimshika mama yake mkono. Aliujua wimbo wa pili. Aliuimba wote, katikati ya wageni kutoka Ulaya waliokuwa wanamtazama yeye kuliko jukwaa.

Uhuru alipewa kwa vipande. Usiku wa kwanza walisimama pamoja. Wa pili alikaa na binamu zake wa Kikwajuni, akija kuonekana kila baada ya msanii mmoja. Usiku wa mwisho dada na mimi tulitoka kabisa, tukaenda Forodhani kula urojo, tukamwachia saa ya kurudi: saa tano na nusu, mtini.

Alifika saa tano na dakika ishirini, jasho likimtiririka, viziba masikio vikining'inia kwenye kamba shingoni. Alituhadithia kwamba mbele ya jukwaa watu walikuwa wamebanana wakati bendi moja ya Bara ilipopandisha kasi, kwamba alihisi mgongo wa mtu kifuani, akainua mikono na kutoka kwa mshazari hadi ukutani, akimvuta binamu yake mdogo. Kisha wakacheza wakiwa ukutani, palipo na hewa, mpaka mwisho. Aliyasema hayo haraka haraka, katikati ya maelezo marefu kuhusu mpiga ngoma.

Kwenye boti ya kurudi alitoa daftari. Alikuwa ameandika njia ya basi mpaka Mutukula, pasi ya kusafiria, na chanjo ya homa ya manjano inayotakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Uganda. Dada alisoma ukurasa wote kwa makini, akarudi juu, akauliza choo cha kambini Jinja kiko umbali gani kutoka kwenye mahema, na nani atalala naye. Binti akaandika maswali yote mawili, akayawekea namba, na kumwambia mama yake aendelee kuuliza.